HESABU ISIYO NA JINA
Uhakiki wa vitabu viwili juu ya vita vya Vietnam, na wa mjadala wa idadi ya askari uliovitumia

Katika Kiswahili mtu hawezi kuuliza idadi ya kitu kabla hajakijua kitu chenyewe. Neno -ngapi halisimami peke yake. Hulazimika kuvaa kiambishi cha jina linalohesabiwa, tukasema watu wangapi, miti mingapi, mashamba mangapi, vyombo vingapi. Hata linapotokea bila kiambishi cha kuonekana, kama katika nyumba ngapi au siku ngapi, bado limefungwa na ngeli ya jina lake. Jina hutangulia, hesabu hufuata na kulitii. Lakini sarufi hiyo hiyo ina mwanya. Hesabu ndogo hupatana na jina: mtu mmoja, watu watano, watu wanane. Hesabu kubwa hazipatani na kitu. Mia, elfu na milioni hubaki vile vile, ziwe zahesabu watu au magunia ya chumvi. Idadi ikisha kuwa kubwa, husahau inahesabu nini.

Nimeanza na sarufi kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa vita, kabla ya kuwa risasi, huwa maneno. Tangu mwaka wa 1965 hata 2021 taifa la Marekani lilijadiliana mara nyingi juu ya vita lilivyopigana ng'ambo, na karibu kila mara swali lililotangulia mengine lilikuwa hili: askari wangapi? Dai la makala haya ni kwamba katika mijadala hiyo hesabu ilishika mahali pa jina. Kazi ya askari ilipokuwa haijakubaliwa, idadi yao ilizungumzwa kana kwamba ndiyo kazi yenyewe. Nitalipima dai hilo kwa kuvisoma vitabu viwili, na kwa kutazama jinsi vilivyosomwa na watu waliokuwa na mamlaka ya kupeleka vijana vitani.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 2009 Rais Barack Obama na washauri wake walikuwa wakifikiri kama waongeze askari katika Afghanistan. Magazeti ya Marekani yaliripoti wakati huo ya kuwa vitabu viwili vilikuwa vikipita mikononi mwa wakubwa wa Washington. Katika Ikulu kilisomwa Lessons in Disaster cha Gordon Goldstein, kilichotoka mwaka wa 2008. Miongoni mwa maofisa wa jeshi kilisifiwa A Better War cha Lewis Sorley, kilichotoka mwaka wa 1999. Vyote viwili vyahusu Vietnam, wala si Afghanistan, na kila upande ulikiita kitabu chake kama wakili amwitavyo shahidi. Basi yatupasa tuwasikilize mashahidi wenyewe.

Bw. Sorley ni ofisa wa zamani wa jeshi, aliyesomea chuo cha kijeshi cha West Point. Habari anayoisimulia ni hii. Mpaka mwaka wa 1968 majeshi ya Marekani katika Vietnam yalikuwa chini ya Jenerali William Westmoreland, ambaye alitaka kumshinda adui kwa kummaliza: askari walimwinda msituni, wakamwua, wakahesabu maiti. Katikati ya mwaka huo Jenerali Creighton Abrams alishika mahali pake, naye akaigeuza kazi. Shabaha ikawa usalama wa vijiji, kuyaimarisha majeshi na wanamgambo wa Vietnam ya Kusini, na kuharibu akiba alizojiwekea adui mapema kabla ya mashambulizi. Kwa maoni ya mwandishi, vita hivyo vya pili vilikuwa vikielekea ushindi, vikapotezwa baadaye huko Marekani, Bunge lilipopunguza msaada.

Nguvu ya kitabu ni chanzo chake. Mwandishi alizisikiliza kanda za sauti za mikutano ya makao ya Abrams, na kwa hiyo msomaji huwasikia watu wakifikiri pasipo kuujua mwisho wa mambo. Udhaifu wake ni mapenzi. Abrams hakosi sana katika kurasa hizi, na wanaompinga hawapewi nafasi ya kutosha. Mashambulizi makubwa ya Vietnam ya Kaskazini ya mwaka wa 1972 yalizuiwa na majeshi ya Kusini yakisaidiwa na ndege nyingi za Marekani. Mwaka wa 1975 ndege hizo hazikuja, na tarehe 30 Aprili mji wa Saigon ukaanguka. Je, kazi ya kuifanya Kusini isimame kwa miguu yake ilikuwa imekwisha, au ilikuwa imeegemezwa juu ya ndege? Kitabu chaligusa swali hili, lakini hakilikabili.

Hata hivyo jambo la kutazamwa zaidi ni jingine. Askari wa Marekani katika Vietnam walifika kilele cha idadi yao, kiasi cha 543,000, mwezi wa Aprili 1969. Mwisho wa mwaka wa 1972 walikuwa wamebaki chini ya 30,000. Maana yake, vita anavyoviita Bw. Sorley kuwa bora vilipiganwa huku askari wakipungua mwaka hata mwaka. Kitabu kilichotajwa mwaka wa 2009 na watu waliotaka askari waongezwe chasimulia habari ya kazi iliyogeuka na idadi iliyoshuka! Watetezi hao waliipenda ile kazi ya kulinda vijiji, na hapana neno hapo. Lakini waliitoa kitabuni kazi hiyo, wakaibeba hadi mezani ikiwa na vazi la hesabu ambalo mwandishi hakulishona.

Sasa tumsikilize shahidi wa pili. Bw. Goldstein alianza kitabu chake akiwa msaidizi wa McGeorge Bundy, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Marais Kennedy na Johnson. Bundy alitaka katika uzee wake kuyachunguza aliyoyashauri. Akafariki mwaka wa 1996 kabla ya kumaliza, akaacha vipande vya maandishi, na mwenzake akavitumia kutunga kitabu ambacho kila mlango wake una funzo. Mojawapo lakataza kupeleka nguvu za kijeshi kwa shabaha isiyojulikana. Hilo, kwa lugha yetu ya sarufi, ni kukataza hesabu isiyo na jina.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya mwaka wa 1965. Tarehe 30 Juni Bundy alimwandikia Robert McNamara, Waziri wa Ulinzi, waraka wa kuutilia shaka mpango wa kupeleka askari wengi. Kabla mwezi wa Julai haujakwisha, alikuwa miongoni mwa waliomjibu George Ball, aliyepinga vita hivyo mbele ya Rais. Tarehe 28 Julai Johnson akatangaza ya kuwa askari watatoka 75,000 hata 125,000. Msomaji auona mwendo wa shauri lenyewe: maswali juu ya kazi yaliulizwa kwa maandishi ya siri, na jibu likatolewa hadharani kwa tarakimu. Swali likabaki bila jibu hata mwaka wa 1968, wakuu wa jeshi walipoomba askari wengine 206,000.

Kitabu hiki nacho kina kasoro zake. Kwanza, chaegemea mno juu ya dhana ya kwamba Kennedy, kama angaliishi, asingalipeleka majeshi ya nchi kavu. Ni dhana yenye dalili, lakini mtu hahukumiwi kwa mauti yake. Pili, chaishi ndani ya vyumba vya Washington. Wavietnam, ambao nchi yao ndiyo iliyogombewa, hawasemi humo ila kwa nadra. Na jina la kazi, yaani ni nani atakayeitawala Vietnam na kwa ridhaa ya nani, lilikuwa mikononi mwao kuliko mikononi mwa Bundy. Katika hili Bw. Sorley amemtangulia mwenzake, maana yeye angalau awaona askari na wanavijiji wa Kusini kuwa watu wenye kutenda.

Tukiviweka vitabu hivi sambamba twaona havipingani sana kama ilivyodhaniwa. Kimoja chasema kazi ilipogeuzwa vita viligeuka. Cha pili chasema kazi haikupata kuelezwa. Vyote viwili vyazungumza juu ya jina. Vilipambanishwa kwa kuwa vilisomwa kama kura mbili, moja ya kuongeza na moja ya kutoongeza.

Namna hiyo ya kusoma haikuanza mwaka wa 2009. Tarehe 25 Februari 2003, kabla ya vita vya Iraki, Jenerali Eric Shinseki, Mkuu wa Jeshi la nchi kavu, aliulizwa katika Baraza la Senati ni askari wangapi watakaohitajika baada ya vita. Akajibu kwamba huenda wakahitajika laki kadhaa. Siku mbili baadaye Naibu Waziri wa Ulinzi, Paul Wolfowitz, akawaambia wabunge kwamba makisio hayo yamepotoka sana, akaongeza ya kuwa ni vigumu kufikiri ya kwamba kuituliza nchi kutataka watu wengi kuliko kuipiga vita. Watu wengi waukumbuka ubishi huo kama ubishi wa tarakimu. Mimi nauona kuwa ubishi wa majina mawili. Shinseki alihesabu walinzi wa nchi isiyo na serikali. Mwenzake alihesabu wavunjaji wa serikali iliyopo. Mvunjaji wa nyumba na mlinzi wa nyumba wote ni watu, lakini mtu hawaajiri kwa kipimo kimoja. Mwezi wa Aprili Baghdad ilitekwa upesi na askari wachache, na mara ile ile ikaporwa, pamoja na jumba lake la makumbusho, mbele ya askari hao hao wachache. Kila mmoja wa wale wawili alikuwa amehesabu kazi yake, na kazi iliyosahauliwa ndiyo iliyolipiza.

Baada ya hapo wataalamu walitafuta kanuni. Mwezi wa Desemba 2006 jeshi la Marekani lilitoa kitabu kipya cha mafundisho ya vita dhidi ya waasi, kilichosimamiwa na Majenerali David Petraeus na James Amos. Humo imo kanuni iliyonukuliwa kuliko nyingine: walinzi 20 kwa kila wakazi 1,000. Iraki ya siku zile ilikuwa na watu kiasi cha milioni 27, na kwa kanuni hiyo ingehitaji walinzi 540,000. Idadi hiyo Marekani haikuwa nayo, ikawa lazima wahesabiwe pia askari na polisi wa nchi yenyewe. Hapo ndipo jina linapodai haki yake. Mlinzi ni nani? Je, kijana aliyeandikishwa mwezi uliopita, ambaye watu wa mtaa wake wamwogopa kuliko wamwogopavyo mwasi, naye ni mmoja wa wale 20? Kitabu chenyewe kinaonya ya kuwa hesabu hizi hutegemea hali ya mahali. Onyo hilo halikunukuliwa sana kama kanuni ilivyonukuliwa, kwa sababu kanuni huingia katika sentensi moja ya gazeti na onyo haliingii.

Mwaka uliofuata ulileta ushahidi wa msamiati. Tarehe 10 Januari 2007 Rais George W. Bush alitangaza kupeleka Iraki askari zaidi ya 20,000. Watetezi waliliita tendo hilo kwa neno la Kiingereza litumiwalo kwa maji yanayofura kwa ghafula. Mtu wa pwani angaliliita bamvua. Neno hilo lina hila njema: maji ya bamvua hujaa sana, kisha hupwa sana, na hapana haja ya kueleza yatapwa lini, maana kupwa kumo ndani ya jina. Wapinzani waliliita kwa neno la kupanda ngazi, lililorithiwa kutoka siku za Vietnam, na ngazi hiyo haina hakika ya kushuka. Siku iliyofuata, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Condoleezza Rice, alipoulizwa na Seneta Chuck Hagel kama huko si kupanda ngazi, alichagua neno la tatu, lenye maana ya nyongeza. Majina matatu kwa tendo moja. Na yote matatu yataja mwendo wa idadi, wala hakuna moja litajalo kazi.

Kwa haki yapasa kusema ya kuwa Bush aliitaja kazi katika hotuba yake: kuwalinda watu wa Baghdad ili wanasiasa wa Iraki wapate nafasi ya kupatana. Askari wa Marekani walifika kiasi cha 170,000 mwishoni mwa mwaka huo, na mauaji yakapungua sana. Lakini makabila ya jimbo la Anbar yalikuwa yamekwisha kuigeukia al-Qaeda tangu mwaka wa 2006, na mwezi wa Agosti 2007 Muqtada al-Sadr aliwaamuru wafuasi wake waweke silaha chini. Wanahistoria wanabishana juu ya fungu la kila sababu. Katika kumbukumbu ya siasa sababu zote zilijikunja ndani ya moja, kwa kuwa moja tu ilikuwa na tarakimu. Mapatano ya wanasiasa, ambayo ndiyo yaliyokuwa jina la kazi, hayakuhesabika, na kwa hiyo hayakudaiwa kwa nguvu ile ile.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyopelekwa Afghanistan. Ripoti ya Jenerali Stanley McChrystal ya Agosti 2009, iliyochapishwa na gazeti mwezi wa Septemba, yasema wazi ya kuwa kuikazia macho idadi ya askari ni kulikosa jambo lenyewe, na kwamba njia ya kupigana ndiyo itangulie. Hata hivyo miezi mitatu iliyofuata ilijaa tarakimu 40,000, idadi aliyoiomba. Balozi Karl Eikenberry, mwenyewe jenerali mstaafu, alionya katika nyaraka za siri za Novemba ya kuwa Rais Hamid Karzai hakuwa mshirika wa kutegemewa. Kama onyo lake lilikuwa la kweli, kazi ya kuisaidia serikali ya Kabul haikuwa na wa kusaidiwa. Tarehe 1 Desemba Obama akatangaza askari 30,000, na kwamba wataanza kurudi Julai 2011. Shauri la jina likawa limetolewa hukumu kwa kugawanya tofauti ya hesabu.

Mwisho wake wajulikana. Mwaka wa 2021 serikali ya Afghanistan ilihesabiwa kuwa na askari na polisi kiasi cha 300,000. Wakaguzi wa Marekani walikuwa wamekwisha kuonya kwa miaka mingi juu ya watu waliokuwamo katika orodha za mishahara na wasiokuwapo kazini. Sisi twawafahamu watu wa namna hiyo, nasi huwaita wafanyakazi hewa. Hao walikuwa askari hewa. Tarehe 15 Agosti Taliban waliingia Kabul.

Huenda msomaji akasema ya kuwa mwalimu wa lugha adharau hesabu kwa sababu hesabu si fani yake. Sivyo. Baghdad ya Aprili 2003 ni ushahidi wa kutosha kwamba uchache nao huua. Wahenga wetu walikwisha kuyasema yote mawili. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wakasema pia manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hizi hazipingani. Ya kwanza yahesabu vidole, ya pili yahesabu manahodha, na jina likibadilika, wingi uliokuwa msaada hugeuka hasara. Anayeijua kazi na asiwe na watu huwadanganya wachache alio nao. Anayewajua watu na asiijue kazi huwadanganya wengi zaidi.

Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao. Mwezi wa Machi 2007 askari wa Uganda waliingia Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika. Burundi ikafuata mwaka huo huo, na Kenya ikajiunga mwaka wa 2012. Ruhusa ya awali ilikuwa ya askari 8,000, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kulinda serikali ya mpito na majengo yake. Ikapandishwa hata 12,000 Desemba 2010, 17,731 Februari 2012, na 22,126 Novemba 2013. Azimio la mwaka wa 2012 liliandika pamoja na hesabu mpya kazi mpya, yaani kuipunguza hatari ya al-Shabaab. Mtu aweza kuikubali au kuikataa kazi hiyo, kwa sababu imetajwa. Magazeti yetu yaliyotangaza tarakimu bila kazi yaliwanyima wazazi wa vijana hao kitu cha kukubali au kukataa.

Wafasiri wetu wanayo sehemu yao. Mfasiri akiandika «vikosi 30,000» pale palipopasa «askari 30,000», amelibadili jina na kuiacha hesabu, na msomaji makini atadhani mabara mawili yamehamia vitani. Akiandika «nguvu zimeongezwa», amelifuta jina kabisa. Askari ni neno la watu. Sarufi yetu hulipa upatanisho wa watu, tukasema askari hawa, askari wangapi, askari waliokufa. Tusilivue vazi hilo.

Katika vitabu hivi viwili, cha Bw. Sorley chafaa kwa yule atakaye kujua kwamba kazi yaweza kugeuzwa katikati ya vita, asome lakini asimwamini mwandishi kila amsifupo jemadari wake. Cha Bw. Goldstein chafaa kwa yule atakaye kuona jinsi swali zuri linavyonyamazishwa na mwenye kuliuliza. Avisome vyote viwili pamoja, na akutanapo na tarakimu aulize kwanza: hao ni nani, na wamepelekwa kufanya nini? Akipata jibu, ndipo aulize wangapi.